Kabla ya Tarehe Tatu Machi

Kassel, Ujerumani
24 Agosti 2025

Dada Jacklyne,

Mulembe. Barua hii nimeianza mara tatu na mara tatu nimeichana, kwa hiyo ukikuta makosa yavumilie. Mimi na Timo tu wazima. Ameanza darasa la nne Jumatatu iliyopita na amenifikia begani kwa urefu. Shemeji Walter magoti yanasemaje? Bado kaunti inampandisha zile ngazi za ghorofa nne? Na Mama, kikohozi kimemwachia?

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ziko. Kwanza, simu yako anayeishika ni Nelima, na anakusomea kila kitu kwa sauti. Pili, Uwe, baba yake Timo, alipofungua kesi ya mtoto alipeleka mahakamani jumbe nilizokuandikia mwaka jana, zikiwa zimetafsiriwa neno kwa neno. Zile nilizosema nimechoka, nataka kumchukua Timo nirudi nyumbani. Wakili wangu amenikataza kugusa jambo hilo kwenye simu.

Sheria ya hapa iko hivi. Mimi na Uwe tumeachana, lakini Timo ni wetu sote wawili mpaka atimize miaka kumi na minane. Siwezi kumhamishia nchi nyingine bila sahihi ya baba yake. Hata pasipoti ya mtoto inataka sahihi mbili, na Uwe anakataa kutia yake. Mimi mwenyewe naweza kuondoka kesho asubuhi, hakuna atakayenizuia. Ila niondoke peke yangu. Nilishamwacha mtoto mmoja nyuma, dada. Siwezi kuacha wa pili.

Ndipo wakili akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kama mimi siwezi kumwendea Nelima, Nelima anaweza kuletwa kwangu. Lakini ombi lazima lipokelewe ubalozini kabla binti hajatimiza miaka kumi na sita. Akishatimiza, wanadai Kijerumani cha juu, kile ambacho mimi nilikipata baada ya miaka saba. Tarehe yake unaijua kuliko mimi: tatu Machi.

Nahitaji kitu kimoja kwanza, cheti chake cha kuzaliwa. Nitumie nakala iliyogongwa muhuri wa wakili. Umemlea mwanangu miaka kumi na moja, nami nimekuomba mengi. Naomba na hiki.

Mdogo wako,
Khalayi


Buruburu, Phase Three
21 Septemba 2025

Khalayi wetu,

Barua yako ilinikuta nikikata kola, nikaisoma na makasi mkononi. Sisi tuko. Walter ameshushwa ofisi ya chini, kwa hiyo magoti yamepumzika na mdomo umeanza kazi. Mama bado anakohoa, lakini anapalilia huku anakohoa, ndiyo maana hatuna wasiwasi. Majirani wa nyuma wameongeza ghorofa ya tatu juu ya nyumba yao. Jua halifiki tena uani kwangu. Nguo nazianika asubuhi, jioni nazianua zikiwa na maji vilevile.

Nelima anasoma mpaka namwonea huruma. Hao ndio watoto wa kwanza kufika Gredi ya Tisa chini ya mtaala mpya, na kila mtu anajifunzia ukinyozi kwenye kichwa chao. Sisi tulifanya mtihani, ukapita au ukaanguka, basi. Sasa mtoto wa miaka kumi na mitano anaambiwa achague mkondo: sayansi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Achague na shule kumi na mbili. Halafu kompyuta ya serikali ndiyo itakayosema anaenda wapi. Jumapili tuliketi mezani na ile karatasi.

"Sayansi," akasema. "Nataka kuwa nesi kama mum."

"Mum yupi?" Walter akauliza, akacheka. Alicheka peke yake.

Habari ya cheti, nitakitafuta. Tulipopaka rangi nyumba, Walter alifungia karatasi zote kwenye sanduku, na ufunguo sijui uko wapi.

Nami nina swali. Miaka kumi na moja imepita. Alipokuwa na miaka sita, au minane, ungemchukua bila Kijerumani na bila mbio hizi. Mbona sasa?

Dada yako,
Jacklyne


Kassel
19 Oktoba 2025

Dada,

Baridi imeingia na saa moja jioni ni giza. Zamu zangu kwenye nyumba ya wazee zimeongezwa. Mpe Mama pole, na mwambie Walter nimesikia kicheko chake huku.

Uliandika kuhusu kuchagua ukiwa na miaka kumi na mitano. Hapa wanachaguliwa wakiwa na kumi. Mwalimu wa Timo aliniita, akanimiminia chai, akaniambia kwa upole kwamba mwanangu ni mtoto mwema mwenye mikono mizuri. Maana yake atapelekwa shule ya wale wasiotarajiwa chuo kikuu. Hesabu anaiweza. Kinachomshinda ni insha, na nyumbani kwangu hakuna wa kumsahihishia Kijerumani. Hapa hakuna kiboko, dada. Ni mwiko hata kumkaripia mtoto mbele ya watu. Lakini kuna karatasi, na ukishaandikwa kwenye karatasi hiyo ukiwa na miaka kumi, kuivuka ni kazi.

Wiki iliyopita mahakama ilimtuma mwanamke aje kumuuliza Timo anataka kuishi na nani. Alifungua friji yangu. Alitazama vitanda. Kisha akaketi sakafuni na mtoto, mimi nikaombwa ningoje jikoni.

"Ungependa nini kibadilike hapa nyumbani?" nilimsikia akiuliza.

"Mama aache kulia bafuni," Timo akajibu.

Nilikuwa nikidhani maji yanaifunika sauti.

Swali lako nimelisoma. Cheti, dada, tafadhali.

Khalayi


Buruburu
30 Novemba 2025

Khalayi,

Pole na yule mwanamke wa friji. Huku hakuna anayekuja. Mtoto akilelewa na mama mkubwa hakuna ofisi inayouliza, hakuna anayetazama kitanda. Zamani niliona hiyo ni baraka.

Mtihani umekwisha. Nelima ametoka akisema sayansi ilikuwa rahisi na Kiswahili kilikuwa kigumu, na kwa hayo nimemlaumu yeye na Sheng yake. Sasa yuko nyumbani siku nzima. Anajifunza Kijerumani kwenye simu yangu, anaongea na sufuria, anaongea na paka. Amempa binti wa jirani viatu vyake vya netiboli. Nilipomuuliza mbona, akasema huko atahitaji viatu vya theluji. Khalayi, ulimwambia? Tulikubaliana mambo haya ni ya karatasi.

Sanduku limefunguka, cheti sikukiona. Nimeenda ofisi ya vyeti kuomba kingine, wakasema mtandao haupo, nirudi. Nitarudi. Kwa sasa nakutumia ripoti yake ya muhula na picha aliyopigwa siku ya mwisho ya mtihani. Hilo sweta nimelifuma mwenyewe.

Swali langu hujalijibu.

Jacklyne


Kassel
14 Desemba 2025

Dada Jacklyne,

Ripoti nimeipata na picha nimeibusu. Ni kweli nilimdokezea. Aliniuliza kwenye simu kama nina nafasi ya kitanda cha pili, nikashindwa kusema hapana.

Sasa jibu lako.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Ni ule mpango wa wasichana wanaokaa na familia, wanawalea watoto wao na kujifunza lugha. Ulinisindikiza mpaka uwanja wa ndege na Nelima amekulalia begani. Nisichokuambia ni kwamba mpango ule haupokei msichana mwenye mtoto. Fomu iliuliza: Watoto? Nikaandika: Hakuna. Nilidhani nitalirekebisha nikishafika.

Fomu ya pili ikafuata ya kwanza. Ya chuo cha uuguzi, ya ndoa, ya ile posho ambayo serikali huwapa wazazi kila mwezi kwa ajili ya mtoto. Kila moja inauliza una watoto wangapi, na kila mara nikamfuta Nelima upya. Uwe hajui. Nimeishi na mtu yule miaka minane picha ya binti yangu ikiwa ukutani, na nilimwambia ni mtoto wa dada yangu. Timo anamwita binamu.

Ndiyo maana sikumchukua akiwa na miaka sita. Kumleta kungekuwa kusema, na kusema kungekuwa kufukuzwa, au ndivyo nilivyoamini. Kila mwaka niliongeza mwaka mmoja juu ya uwongo, mpaka ukawa mrefu kuliko mimi.

Wakili ndiye wa kwanza kuambiwa. Alivua miwani, halafu akasema bado kuna njia. Tukiri wenyewe kabla hawajagundua, na pamoja na kukiri tupeleke cheti chenye jina langu. Cheti hicho ndicho kitakachoonyesha kwamba safari hii nasema kweli.

Sasa unajua kwa nini nakililia. Nitukane ukitaka, lakini kitume.

Khalayi


Buruburu
11 Januari 2026

Khalayi mdogo wangu,

Krismasi tulikuwa kwa Mama, kule Kimilili. Alichinja kuku wawili na kuuliza mara tatu utakuja lini. Barua yako niliisomea dukani juzi, nikafunga mlango saa nne asubuhi. Ni msimu wa sare, wazazi wamepanga foleni nje wananiita. Sikufungua mpaka saa saba.

Siwezi kukutukana. Soma utaona.

Cheti hakikupotea. Kiko kwenye droo ya cherehani, kimekuwapo siku zote. Nakala yake nimeitia kwenye bahasha hii. Sikukituma kwa sababu jina la mama lililoandikwa humo ni langu.

Mwaka ule Nelima akiwa darasa la kwanza ndipo serikali ilipoanza kuandikisha wanafunzi kwenye kompyuta. Bila cheti hupewi nambari. Alizaliwa nyumbani kwa Mama, mkononi mwa mkunga jirani, hakukuwa na karatasi hata moja. Ofisi ilitaka kitambulisho cha mama mzazi. Nilikupigia simu kuanzia Januari hadi Mei, hukushika hata moja. Leo naelewa, ulikuwa na Timo anatambaa kwenye nyumba ya mtu asiyejua. Wakati ule nilidhani umekufa. Baadaye nikadhani umetutupa, na hilo liliniuma zaidi. Nelima alirudishwa nyumbani mara mbili akilia. Baba yake unajua alikana mimba kabla haijaonekana. Basi nikaenda nikaapa kwamba nilimzaa mimi. Walter akaapa ni baba.

Nilijiambia nitakueleza ukipiga. Ulipopiga mwezi wa sita ulikuwa unacheka, naye Nelima ana nambari yake na anaenda shule. Nikanyamaza. Baadaye kunyamaza kukawa kutamu. Mimi Mungu hakunipa tumbo, Khalayi. Mtaa mzima unaniita Mama Nelima. Mchungaji ananiita hivyo, muuza mboga ananiita hivyo. Kila ulipoandika "nitumie cheti", mimi nilisoma "nipe jina lako".

Kompyuta imempa shule ya bweni huko Kitui, mkondo wa sayansi. Anaripoti kesho. Leo amefunga sanduku, akaniuliza: "Si ningebaki tu home ningoje visa?" Nikamwambia aende asome kwanza. Sikuweza kumtazama.

Dada yako,
Jacklyne


Kassel
8 Februari 2026

Jacklyne,

Sisi wazima. Natumai na nyinyi.

Nilikasirika siku tano. Nilitaka kukupigia nikupigie kelele, nikakumbuka simu nilizokataa kushika, nikaiweka chini.

Wakili alizilaza karatasi mbili mezani. Yangu inasema sina binti. Yako inasema binti ni wako. Akasema katika kazi yake hajawahi kuona nyaraka za nchi mbili zikipatana vizuri hivyo. Kipimo cha DNA kinaweza kunithibitisha, lakini lazima cheti kirekebishwe na mahakama ya huko, na hakuna mahakama itakayofanya hivyo kwa wiki tatu. Tarehe tatu Machi itapita.

Nimekwenda kukiri hata hivyo. Kwanza ofisi ya wageni. Mwanamke wa pale aliandika kila neno, akanipa nisome, nikatia sahihi. Halafu nikamwambia Uwe, tumesimama kwenye ngazi za nyumba yake, Timo akiwa ndani anavua viatu. Nilidhani atafoka. Alinitazama tu.

"Kwa hiyo wewe unaweza kuacha mtoto," akasema.

Hakimu atayasikia hayo. Nikibaki kwa ajili ya Timo, nimemwacha Nelima. Nikimwendea Nelima, nimethibitisha alichosema Uwe.

Nakuomba ufungue hiyo kesi ya kurekebisha cheti. Najua haitatusaidia tena ubalozini. Nataka iandikwe mahali fulani kwamba nilimzaa.

Khalayi


Buruburu
19 Aprili 2026

Mpendwa Khalayi,

Mulembe kutoka kwa wote. Mvua ya masika imemwagika na uani kwangu pamekuwa kinamasi. Tarehe tatu Machi iliangukia Jumanne. Shule yake hairuhusu simu, sikuweza hata kumpa heri ya kuzaliwa. Nilishona siku nzima bila redio.

Nelima alifunga shule mwanzoni mwa mwezi. Amekonda, anasema maji ya Kitui ni ya chumvi. Alhamisi tarehe tisa nilimchukua tukaenda ofisi ya vyeti. Sikumwambia ni ya nini. Nilidhani nitapata maneno njiani, sikuyapata. Tulimkuta karani mmoja anaitwa Makau, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani.

"Mama mzazi ni nani hapa?" akauliza.

"Kwa cheti ni mimi. Kwa kuzaa ni mdogo wangu, yuko Ujerumani."

Aliiweka kalamu chini. "Mama, hii hairekebishwi mezani. Ni ya mahakamani. Na utaanza kwa kueleza kwamba uliapa uwongo. Unajua hilo ni kosa?"

"Najua. Niambie tu naanzia wapi."

Nelima alikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Akasimama. "Mum, tutoke."

"Ngoja kidogo."

"Zii. Tutoke."

Tulisimama nje chini ya paa la mabati, watu wakipita na bahasha zao. Akaniambia: "Hicho cheti nilikiona nikiwa Gredi ya Nne. Shule zilikuwa zimefungwa juu ya korona. Nilikuwa natafuta bobini ya uzi kwenye droo ya cherehani."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani mmekubaliana. Nilidhani yeye ndiye alikwambia uandike."

Khalayi, hesabu miaka. Kila Jumapili mtoto huyu alikuongelesha kwenye simu, akakuita mum, akakuimbia nyimbo za Krismasi, huku akiamini kwamba ulimwandikisha kwa mtu mwingine kwa hiari yako. Na bado akawa anajifunza Kijerumani. Nilimweleza yote pale pale, ya kwangu na ya kwako, fomu zako zote. Sikuomba ruhusa yako.

Kisha akasema, "Kwa hivyo hakunipeana."

"Hakukupeana."

Alilia, akajipangusa kwa mkono wa sweta. Nikamwambia turudi ndani kwa Makau. Akakataa.

"Usibadilishe. Ukibadilisha sasa, shule itataka mzazi mwenye jina kwenye cheti, na huyo hayuko huku. Na kule nishachelewa. Wacheni nimalize shule."

Nitakuambia ukweli kwa sababu nimechoka kuficha. Nilifurahi. Pale pale, mtoto analia, mimi nilifurahi, na tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Ukisema niende mahakamani nitakwenda hata yeye akikataa. Neno ni lako.

Jacklyne


Kassel
24 Mei 2026

Dada Jacklyne,

Natumai mvua imewaachia. Timo amepoteza funguo za nyumba mara mbili mwezi huu na ametimiza miaka kumi, kwa hiyo ni mzima.

Usiende mahakamani. Nelima ameshasema, na ni yeye atakayeishi na hicho cheti.

Ya huku ni haya. Hawatanifukuza, kwa sababu ya Timo, lakini ombi langu la uraia limesimamishwa na hakuna anayejua mpaka lini. Hakimu ameamua mtoto akae wiki moja kwangu, wiki moja kwa baba yake. Hakunikaripia. Aliandika tu kwamba nisihame mji huu bila kuiarifu mahakama. Nimehesabu: nitakuwa na miaka arobaini na minne Timo akitimiza kumi na minane. Ile barua ya shule nayo imekuja, ni ile shule niliyokuambia. Yeye amefurahi, rafiki yake anaenda huko huko.

Nitakuja Agosti, siku kumi na tisa, wakati Nelima amefunga shule. Nilitaka nije na Timo. Uwe amekataa kutia sahihi ya pasipoti, anaogopa sitarudi. Simlaumu sana. Mimi mwenyewe naogopa hivyo. Usimlazimishe Nelima aje uwanja wa ndege. Akitaka kuja, aje.

Jumapili nilimketisha Timo nikamwambia Nelima si binamu yake, ni dada yake. Hakushangaa nilivyotarajia. Aliuliza ana miaka mingapi, kama anajua kuogelea, kama ana chumba chake.

"Na anaishi na nani?" akauliza.

"Na mama yake," nikasema.

Lilinitoka kabla sijalipima. Timo akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akarudi kwenye mchezo wake, na mimi sikulirekebisha.

Mdogo wako,
Khalayi